Kilungu cha Baba

Mimi nina wivu, na naona afadhali niseme mwenyewe kabla Josefina hajawaambia. Wapo watu wanaojua kuficha. Wanakukumbatia, wanakusifia kanga yako mpya, kumbe ndani roho inawaungua. Mimi sijui kufanya hivyo. Nikiwa na wivu hata sufuria zangu zinajua, maana ndizo zinazobamizwa.

Josefina ni mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja. Mimi ni Skolastika, mtoto wa kwanza wa Mwene Manyanda, na yeye ndiye kitinda mimba. Katikati yetu walizaliwa wengine, Mungu akawachukua wangali wachanga, tukabaki sisi wawili wa kugombea baba mmoja. Na tulimgombea, asikudanganye mtu.

Baba alikuwa mtemi wa upande wetu wa Mpimbwe. Watu wakikutana naye njiani walichuchumaa, wakapiga makofi polepole, wakamwita Mwene. Halafu nchi ikapata Uhuru, na baada ya muda utemi ukafutwa. Baba akarudisha mihuri ya baraza, akarudisha na meza, akaja nyumbani kwa miguu na kilungu chake shingoni. Hicho hakuna aliyekidai, naye hakumkumbusha mtu.

Kilungu, kwa asiyekijua, ni ganda la konokono wa baharini. Limekatwa duara, jeupe, pana kushinda mdomo wa kikombe cha chai, lina tundu katikati, na limetungwa kwenye uzi wa shanga za buluu. Hiki chetu kililetwa na wapagazi zamani hizo babu yake babu alipokuwa akitawala, kikapita shingo hadi shingo mpaka kikafika kwa baba. Ukikitia sandukuni ukakisahau kinapauka, na mwisho kinapasuka. Kwa hiyo kila mwezi unapoandama lazima kipakwe mafuta ya nyonyo, kisuguliwe kwa kitambaa laini mpaka king'ae tena. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Niliianza nikiwa binti. Nikaolewa, mume wangu akaenda kutafuta kazi migodini akapotelea huko, nikarudi kwa baba nikaiendeleza.

Basi katika miaka yote hiyo ya kupaka na kusugua, sikuwahi kukivaa hata mara moja. Si kwamba nilikatazwa. Baba alinyoosha mkono, nikakiweka kiganjani, akajivika mwenyewe. Nilikuwa nangoja aseme, "Hebu Skola, kijaribu tukuone." Hakusema.

Sasa sikiliza alivyofanyiwa Josefina.

Josefina alipelekwa shule kwa masista akiwa bado mdogo. Akajifunza kusoma, kushona, na kula kwa uma. Akaolewa Mpanda mjini na Makarius, karani wa stesheni ya reli, wakapata nyumba ya bati kule Nsemulwa. Siku ya harusi baba alipanda lori la mpunga akaenda. Mimi nilibaki kuangalia mbuzi, maana nyumba ya Mwene haiachwi wazi, na kila lilipotokea jambo la mtu kubaki nyuma, aliyebaki alikuwa Skola. Baba aliporudi alikuwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwa gazeti. Ilikuwa picha ndani ya fremu ya kioo. Josefina kasimama studio, kavaa gauni jeupe la harusi, na juu ya gauni, kifuani pake, kilungu.

Kilungu nilichokuwa nimekisugua mwenyewe kabla ya safari ili baba akapendeze.

Baba akaitundika picha ukutani juu ya kitanda chake. Anayefagia chumba kile ni mimi. Kila asubuhi nafuta vumbi kwenye kioo, Josefina ananitazama kwa tabasamu lake la studio, nami namwambia kwa sauti ya chini, "Cheka tu, shetani wee." Siku nyingine niliigeuza picha ikatazama ukuta. Baba akiingia anaigeuza tena. Hatukuzungumza juu ya jambo hilo, yeye wala mimi.

Halafu ikaja Operesheni ya Vijiji, tukaambiwa tuhamie kando ya barabara kuu. Siku zile neno ukabaila lilikuwa likitajwa kila mkutano, na baba akaogopa kilungu kisije kikaonekana. Akanipa nikifiche. Nilikifunga tumboni, kwenye ngozi kabisa, nikavaa kanga mbili juu yake, nikajitwisha mkeka na vyungu, nikatembea kutwa nzima. Mwanzoni kilikuwa cha baridi, halafu kikapata joto langu. Wenzangu njiani walikuwa wakiomboleza mashamba waliyoyaacha. Mimi nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe. Nyumba yetu imebaki nyuma bila paa, nami natembea najisikia kama bibi harusi.

Jioni tulipofika, nikakifungua nikampa baba. Akakigeuza huku na huku, akakinusa.

"Kimelowa jasho," akasema, akakifuta kwa shati lake.

Basi, hayo tu. Nimetukanwa na mawifi, nimesemwa na majirani, na yote nimesahau. Maneno yale mawili bado yamenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Haukupita muda mrefu baba akaanza kuugua kifua. Nikampikia uji, nikamkanda, nikamgeuza kitandani. Josefina alikuwa na mtoto mchanga mjini, akatuma sukari na dawa ya kikohozi kwa madereva. Kila jioni baba aliniuliza, "Lori la Mpanda limepita?" Nilijua kabisa anamuulizia nani. Namjibu, "Limepita, baba," halafu namsikia anashusha pumzi. Mimi niliyeshika bakuli la uji siuliziwi, anauliziwa aliyetuma sukari. Hilo la lori sikumwambia Josefina, hata alipofika mazishini akalia hadi wanawake wakamshika mikono. Josefina analia vizuri. Mimi nikilia navimba uso kama niliyeumwa na nyuki.

Katika ukoo wetu mtu hazikwi na jina lake. Mavuno yakishaingia ndani, inapikwa pombe ya kumaliza msiba, na mmoja wa watu wake anakalishwa kwenye kigoda chake. Anapewa jina, anavishwa alichokuwa akikivaa, na kuanzia hapo yeye ndiye marehemu. Jina halichagui mwanamume wala mwanamke, mkubwa wala mdogo. Utotoni niliona mtoto asiyejua hata kufunga kanga amerithi jina la bibi yake, na mzee mwenye mvi akimwita "mama" akiwa amepiga magoti. Maana siku hiyo kila aliyebakiwa na neno na marehemu hulileta mbele ya mrithi. Mrithi naye lazima ajibu, tena ajibu kwa kinywa cha marehemu. Akinyamaza, ni marehemu amemkataa mtu wake, na hilo halina dawa.

Haya yote nilikuwa nayajua, nimekua nayo. Lakini wivu ukishakushika unaona kitu kimoja tu, nami nilikuwa naona kilungu.

Pombe ilipokuwa imeshalowekwa, ukoo ukakaa kikao ndani kwetu. Mwenye sauti alikuwa Shangazi Nyanzala, dada yake baba, kikongwe mwenye kibati cha ugoro na ulimi usio na breki. Pembeni yake alikaa mwanawe, Kasimiri, mwenyekiti wa kijiji. Josefina alikuwa amefika kutoka mjini, amekaa mkekani na kitenge kipya. Nilikiona kitenge kile kabla sijamwona yeye.

Kasimiri akawahi kuinua mkono. "Mimi msinihesabu jamani. Kwa mambo ya zamani kilungu kingekuja kwangu, mtoto wa dada. Lakini chama chenyewe juzijuzi tu kimepewa jina jipya, halafu mwenyekiti nionekane na kilungu shingoni? Mnataka niitwe kabaila?"

"Usipokivaa wewe kitakuwa cha nani?" Shangazi akamuuliza. "Cha serikali?"

"Serikali ilifuta utemi, mama, haikufuta shanga. Kiti cha kutawala hakipo tena. Kilichobaki ni mali ya nyumba hii, kama jembe la mjomba na redio yake. Wenye mali ni hawa watoto wake wawili. Ila kiende pamoja na jina, visitenganishwe."

Nikatazama chini nisionekane. Nilikuwa nimeshajiona nimekaa kwenye kigoda.

Shangazi akagonga kibati chake, akavuta ugoro, akapiga chafya. "Atakaa Josefina," akasema.

Nilisimama sijui saa ngapi. "Josefina! Kwa lipi? Nani aliyempakata baba mpaka mwisho? Nani aliyekipaka mafuta kilungu hicho? Huyu anajua hata mafuta yake yanakamuliwaje?"

"Skola, kaa chini."

"Sikai! Mtu anakaa mjini anakula mkate, sisi huku tunabeba vyungu vichwani, halafu siku ya kugawa anakuja na kitenge anakalia kigoda!"

Josefina machozi yakaanza, yale yake mazuri. "Dada, mimi sina tamaa ya mali. Nataka kitu kimoja tu cha baba."

"Unacho tayari! Si ile picha yako ya ukutani pale, na kilungu umevaa? Umeshakivaa, kimeshakutosha!"

"Nyie watoto wa ndugu yangu mtanimaliza," Shangazi akasema. "Skola, nisikilize mwanangu. Kwa hili utakuja kunishukuru."

"Nikushukuru kwa kuninyang'anya?"

Akafunga kibati chake. Kikao kikaisha hivyo, na mimi nikatoka nje nikazipiga kuni hadi mpini wa shoka ukalegea.

Kesho yake, wenzangu walipokuwa mtoni kuchota maji ya pombe, nikakitoa kilungu sandukuni nikapanda kwenye kihenge cha mpunga. Kilikuwa kimejaa hadi shingoni, mavuno ya mwaka ule yalikuwa mazuri. Nikazamisha mkono hadi kwapani, nikakiacha huko ndani, nikausawazisha mpunga juu. Nikashuka nikajipangusa makapi na kwenda kutwanga ulezi huku naimba.

Siku ya shughuli ikafika. Asubuhi tulisali misa ya marehemu, kisha watu wakajaa uani, majirani wa hapa na ndugu wengine waliotoka mbali kama Mwamkulu. Mitungi ya pombe ilikuwa imepangwa kivulini. Sasa pombe ya ulezi haina ustaarabu wa kungoja. Ikishaiva inatakiwa kunywewa siku hiyohiyo, maana ikilala inakuwa siki, na ukoo uliomaliza msiba kwa siki utachekwa hadi kwa wajukuu. Na haiguswi kabla mrithi hajakalishwa, wala mrithi hakalishwi bila kilungu.

Shangazi akaingia ndani kukichukua. Akatoka mikono mitupu. Wakatafuta darini, wakatafuta chini ya kitanda, wakamwaga hata gunia la karanga. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti nachambua kisamvu kana kwamba shughuli ni ya jirani. Jua likapanda. Povu kwenye mitungi likaanza kupungua, na wazee wakaanza kukohoa kile kikohozi chao cha kukumbusha.

Kasimiri akaja akachuchumaa mbele yangu. "Dada Skola, watu wanaangalia mitungi. Unataka nini?"

"Wewe unajua ninachotaka."

"Josefina mwenyewe ameshasema yuko tayari kuacha. Ni mama ndiye hataki."

Niliinua macho. Josefina alikuwa amesimama karibu na jiko, ananitazama bila kulia. Hata kuacha kwake kuliniudhi. Nilitaka agombe, nimshinde.

Shangazi akasogea polepole na fimbo yake. Akanitazama muda mrefu, bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha kidogo.

"Unakitaka kiasi hicho?"

"Nakitaka."

"Na jina lake?"

"Na jina lake. Vyote."

"Umefikiri vizuri, Skola?"

"Nimefikiri tangu siku ile ya picha, Shangazi."

Akatikisa kichwa. "Leteni kigoda," akawaambia vijana, "pombe inaharibika."

Nikapanda kihenge mbele ya watu wote, nikazamisha mkono, nikakitoa kilungu na makapi yake. Wanawake wakapiga vigelegele, wengine wakacheka. Wakanikalisha kwenye kigoda cha baba, wakanipaka unga mweupe kwenye paji la uso, na Shangazi akakivusha kichwani pangu kikashuka hadi kifuani. Kilikuwa kizito kuliko nilivyokikumbuka. Nikakishika kwa vidole vyote. Kwanza nilimtafuta Josefina kwa macho, nione kama ameumia. Nasema kweli, hilo ndilo nililolifanya kwanza.

Shangazi akapiga magoti, mifupa ikalia, akanyoosha kikombe cha pombe kwa mikono miwili. "Kaka Manyanda, umerudi," akasema. "Uliondoka na jembe langu."

Watu wakacheka. Nami nikajikuta nacheka cheko la baba, lile la puani. "Chukua lile la mpini mpya," nikamjibu, "maana lako nililivunja nikanyamaza."

Kasimiri akafuata. "Mjomba, tangu nipewe uenyekiti sikuwa nakuja kukutembelea mchana. Niliogopa watu. Niwie radhi."

"Nilikuona. Ulikuwa unapita njia ya nyuma kama mbwa aliyeiba nyama. Inuka, yameisha."

Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. "Ni yeye kabisa!" wakasema. "Mwene mwenyewe!" Kichwa kikanivimba. Nilikuwa najua kila neno lake, namna yake ya kukohoa, namna yake ya kutazama pembeni anaposamehe. Ni nani mwingine angeweza? Nikakaa vizuri kwenye kigoda, nikamngojea mdogo wangu.

Josefina akaja. Akapiga magoti vumbini na kitenge chake kipya, akaweka kikombe miguuni pangu, akasema, "Baba."

Sikuwa nimejiandaa kuitwa hivyo na Josefina.

"Baba, nilikukosea nini?" akasema. "Ulinitoa nyumbani nikiwa mdogo, Skola ukambakiza. Nikija likizo nawakuta mko jikoni mnacheka, nikiingia mnanyamaza, mnaniwekea kiti kama mgeni. Nikasema labda nikiolewa utanipenda. Siku ya harusi ukanivika kilungu, nikasema leo na mimi nimekuwa mtoto wako. Mpiga picha hajamaliza hata kukunja kitambaa chake, wewe umeshanivua. Ukatoa leso ukakifuta, ukafuta na kufuta. Nikakuuliza, 'Baba, unafuta nini?' Ukasema, 'Alama za vidole vyako. Skola akiziona atanuna.'"

Nilisikia kuku akiparua nyuma ya jiko.

"Siku ya harusi yangu, baba," Josefina akasema, na sasa alikuwa analia vibaya, pua inamvuja kama mimi. "Siku yangu, unamuwaza Skola. Mimi ukanipa picha, yeye ukampelekea kilungu. Nina wivu naye tangu siku hiyo hadi leo. Niambie, nilikukosea nini?"

Akangoja. Na wote wakangoja, maana mrithi lazima ajibu.

Nisikilizeni vizuri. Nilikuwa nimetamani maisha yangu yote kusikia kwamba baba aliniwaza hata mara moja nikiwa sipo. Sasa nimesikia, na limetoka kwenye kinywa cha Josefina. Yeye ndiye aliyelibeba miaka yote hiyo, analo yeye, kaliweka kifuani pake kule Nsemulwa huku mimi nagombana na kioo cha picha. Badala ya kufurahi, wivu ulinipanda upya hadi masikioni. Hata maneno ya baba juu yangu ameyapata yeye!

Ningeweza kumwumiza pale pale. Kinywa cha baba kilikuwa changu. Ningesema, "Hukunipendeza," na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kulifuta hilo. Neno lilikuja likasimama nyuma ya meno. Kilungu kilikuwa kimeshapata joto langu, kama siku ile ya kuhama. Lakini nikajaribu kusikia baba angelisemaje neno hilo, kwa sauti gani, na sikusikia kitu. Baba asingelisema. Nilimjua mno baba yangu, na ndiyo maana nilishindwa.

"Hukunikosea kitu, mwanangu," nikasema. Sauti ilitoka nzito. "Nilipokuwa naumwa, kila jioni nilimuuliza Skola kama lori la Mpanda limepita. Nilikuwa nakungoja wewe. Kila jioni."

Lile la lori nililificha vizuri kuliko kilungu, na sasa limetoka, limekwenda kwake, halirudi. Josefina akaangukia magoti yangu akayakumbatia. "Asante, baba," akasema. "Asante." Niliweka mkono kichwani pake kama alivyokuwa akifanya baba. Nywele zake zilinukia mafuta ya dukani. Vigelegele vikapigwa, mitungi ikafunuliwa, na watu wakasahau habari zetu.

Shangazi alikuja akaketi karibu na kigoda changu baada ya kikombe cha pili au cha tatu.

"Kwa nini ulimtaka Josefina akae?" nikamuuliza.

"Kwa sababu mwenye maneno mengi na baba yako alikuwa wewe," akasema. "Nilitaka akae yeye, wewe upige magoti umuulize unayotaka kuuliza. Josefina ni mpole, angekujibu vizuri. Sasa wewe ndiye Manyanda, kaka yangu. Manyanda atamuulizaje Manyanda?"

Nilikuwa na swali langu moja, nililitunza miaka mingi: kwa nini hukuniambia nikivae hata mara moja? Na lingine dogo nyuma yake, la jasho. Kila mtu uani pale alikuwa ameshauliza lake akajibiwa, hadi jembe lilijibiwa. Aliyebaki na lake mdomoni ni mimi peke yangu, na aliyenifunga mdomo ni mimi mwenyewe. Nilikasirika hata pombe ikanishinda kumeza.

Josefina aliondoka na lori la asubuhi. Kabla ya kupanda akapiga magoti barabarani, kitenge na vumbi lake la jana. "Nakuaga, baba," akasema. "Naomba ile picha." Mtoto anapoomba kitu kama hicho baba anatoa. Nikaitoa ukutani, nikaifuta kioo, nikampa. Alipanda lori anacheka, mwepesi kama msichana, ana baba. Nilisimama pale na kilungu changu namtazama anavyopungia mkono, na nilimwonea wivu kuliko siku ile ya harusi.

Mwezi ulipoandama nikatoa kichupa cha mafuta ya nyonyo, nikakaa kizingitini, nikakisugua kilungu kama ilivyo kazi yangu. Kiking'aa nikakiinua kwenye mwanga wa jioni. Kulikuwa na alama za vidole juu yake. Nikatafuta za nani, zilikuwa zangu.

Nikanuna. Nilinuna kweli, midomo mbele, kama nilivyozoea, nikasogeza na sufuria kwa mguu ili zisikike. Nikangoja mtu aseme, "Skola, umenuna nini tena?" Watoto wa Kasimiri walikuwa wanapita na mbuzi. Wakasimama mlangoni, wakainamisha vichwa kwa adabu.

"Shikamoo, babu," wakasema.